Mwizi wa Baghdad: Je, Yafaa Kuitazama?

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Katika risala hii twataka kusema juu ya mas'ala ambayo watu wengi wayaona kuwa ni madogo, wala si madogo kwa mtu aliye na watoto. Iko filamu ya Kiingereza iitwayo The Thief of Bagdad, yaani Mwizi wa Baghdad, iliyotolewa mwaka 1940. Hata leo husifiwa kuwa ni katika filamu bora za masimulizi ya ajabu, za kutazamwa na baba na mama pamoja na watoto wao. Je, yafaa Mwislamu aitazame, na awaache watoto wake waitazame? Au yampasa kuizuia mlangoni?

Twawaandikia khasa ndugu zetu wa pwani, watu wa Mombasa na Tanga, wa Unguja na Dar es Salaam, ambao riziki imewatoa makwao ikawaleta bara kama huku Nyakahura. Nyakahura ni kata ya wilaya ya Biharamulo, katika mkoa wa Kagera, upande wa njia kuu ya magari ya mizigo iendayo Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Mji wa njiani una desturi zake. Dereva hulala, mfanyabiashara hungoja mzigo wake, na ikifika jioni kila mtu hutafuta pa kupumzisha moyo. Aliye kwao pwani ana wazee, ana masheikh, ana darsa baina ya Magharibi na Isha. Aliye njiani aghlabu hana hayo, bali ana simu mkononi, na kibanda cha video karibu. Basi yale yaingiayo machoni pake na machoni pa wanawe huingia bila ya mtu wa kuyapima. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kuyapima.

KHABARI ZA FILAMU YENYEWE

Mwenye kuitoa filamu hii ni Alexander Korda, mtu wa Hungaria aliyehamia Uingereza akaanzisha kampuni ya London Films. Kazi ilianza katika studio za Denham, karibu na London. Vilipozuka vita vya pili vya dunia mwaka 1939 ikawa taabu kuendelea huko, basi ikahamishiwa Marekani na kumalizwa. Ilipata tuzo tatu za Oscar: ya upigaji wa picha za rangi, ya upambaji wa mahali, na ya maajabu ya macho.

Kisa chake ni hiki kwa ufupi. Ahmad ni mfalme kijana wa Baghdad, na waziri wake ni Jaffar, mchawi na dhalimu. Jaffar akamshauri mfalme ajigeuze sura, atembee usiku baina ya raia apate kujua hali zao. Alipotoka, Jaffar akamkamata, akamtia gerezani kwa kisingizio kwamba ni mwendawazimu, kisha akautwaa ufalme. Gerezani Ahmad akakutana na Abu, mtoto mwizi wa sokoni, wakatoroka pamoja mpaka Basra. Huko Ahmad akampenda binti wa Sultani, na Jaffar naye anamtaka binti yule yule. Jaffar akampofua Ahmad kwa uchawi, na Abu akamgeuza mbwa. Baada ya misukosuko mingi Abu akaokota chupa ufuoni, ndani yake mna jini. Akatumia hila na ujasiri, na mwisho akaja Baghdad juu ya zulia lirukalo, akamwua Jaffar kwa mshale, Ahmad akarudishiwa ufalme wake na kumwoa mpenzi wake.

Msomaji wetu atakuwa amekwisha kutambua kisa hiki kimechotwa kisima gani. Ni Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo bibi zetu wamezisimulia barazani na vyumbani kabla ya sinema kufika pwani. Edward Steere alipokusanya ngano za Unguja na kuzipiga chapa mwaka 1870, alikuta masultani na mawaziri na majini wamejaa vinywani mwa watu. Basi filamu hii ni bidhaa iliyotoka upande wetu, ikasafiri Ulaya, ikarudi imefungwa karatasi nyengine. Mwenye busara hatupi bidhaa kwa sababu ya karatasi, wala hainunui kabla hajaifungua.

HUKUMU YA ASILI

Maulamaa wamekhitalifiana juu ya picha. Wako waliozikataza zote, na wako waliofarikisha baina ya sanamu ichongwayo kwa mkono na kivuli kinaswacho na kioo cha kamera. Hatukusudii kuifufua khitilafu hiyo hapa. Mwenye kufuata kauli ya kukataza, mas'ala yake yamekwisha, naye asilaumiwe. Maneno yetu ni kwa yule afuataye kauli ya kuruhusu, kwani hata yeye hakupewa ruhusa isiyo na mpaka. Yampasa aangalie mambo matatu: kitu hicho kisimpotezee sala na wajibu wake, kisimwoneshe yaliyoharamishwa, na kisimharibie itikadi yake.

Katika la kwanza, filamu hii haifiki saa mbili, basi mwenye kupanga wakati wake haimkoseshi sala. Katika la pili, haina uchi ulio dhahiri wala maneno machafu kama yaliyomo katika filamu nyingi za leo. Walakini yamo mapenzi ya kijana na binti asiye mahramu wake, na mavazi ambayo mama wa Kiislamu hangeyaridhia kwa binti yake. Baba na ayajue hayo kabla ya kuwakalisha watoto. La tatu ndilo zito, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

JINI WA CHUPA

Majini ni haki. Sisi Waislamu hatuwakanushi, kwani Qurani imewataja, na iko sura nzima yenye jina lao. Twajua pia kwamba Mwenyezi Mungu alimtiishia Nabii Suleiman (a.s.) majini wakamfanyia kazi, na upepo ukaenda kwa amri yake. Lakini hayo yalikuwa ni miujiza ya Mtume kwa idhini ya Mola wake, si elimu iuzwayo kwa fedha.

Katika filamu, jini akitoka chupani ataka kumwua Abu. Mtoto akamwambia kwamba hasadiki kuwa mwili mkubwa namna ile uliweza kukaa katika chupa ndogo. Jini akaingia tena apate kumwonesha, na Abu akaziba. Kisha wakapatana, na jini akamwahidi matakwa matatu. Mtoto akiona hayo atacheka, na kicheko hakina dhambi. Lakini pwani kwetu na bara huku wako watu wazima wanaoamini kwamba jini hufugwa, na kwamba mganga aweza kumpa mtu jini la kumletea mali. Ni wangapi wamekula mitaji yao kwa waganga wa namna hiyo! Mtu huuza gari, huuza shamba, humpelekea mganga, na mwisho hana gari, hana shamba, wala jini hakumwona. Na khasara ya dini ni kubwa kuliko khasara ya mali, kwani kumwomba jini haja isiyoombwa ila kwa Mwenyezi Mungu ni kuigusa shirki.

Sasa itazame filamu kwa akili, uone imesema nini yenyewe. Takwa la kwanza Abu alilitumia kwa kuomba chakula cha kukaangwa, kwa kuwa alikuwa na njaa. La pili lilimfikisha kwa rafiki yake. La tatu lilimponyoka kinywani wakati wa hasira: aligombana na Ahmad, akatamani Ahmad awe Baghdad, na papo hapo Ahmad akatupwa mikononi mwa Jaffar. Yule jini akacheka, akaruka akaenda zake, akamwacha mtoto peke yake jangwani. Hiyo ndiyo faida ya jini! Tonge moja la chakula, kisha majuto. Baba akimwonesha mwanawe jambo hili, filamu yenyewe itakuwa shahidi juu ya waganga. Asipomwonesha, mtoto atakumbuka chupa tu.

BAGHDAD YA KWELI

Jambo jengine ni mji wenyewe. Mtoto aliyezaliwa Nyakahura hajapata kuisoma Baghdad. Akiiona kwa mara ya kwanza katika filamu, ataiona kuwa ni mji wa wezi, na wachawi, na walinzi wenye panga, na watu wanaouawa kwa mishale kwa kosa la kumtazama binti wa Sultani apitapo njiani. Atadhani kwamba hiyo ndiyo sharia ya Kiislamu, ilhali sharia yetu haina hukumu ya namna hiyo. Imetuamrisha kuinamisha macho, haikutuamrisha kuua mpita njia.

Basi na aambiwe. Baghdad ilijengwa na Khalifa al-Mansur mwaka 145 wa Hijra, yaani 762 wa miladi, kwa umbo la duara, ikaitwa Mji wa Amani. Imamu Abu Hanifa alifia hapo mwaka 150 (767). Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, alisoma na kufundisha hapo kabla hajahamia Misri, alikofia mwaka 204 (820). Na yuko Ahmad mwengine wa Baghdad, asiyekuwa mfalme wa sinema: Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyezaliwa mwaka 164 (780). Yeye naye alitiwa gerezani, akapigwa mijeledi, kwa kuwa alikataa kusema yale ambayo watawala walimtaka aseme juu ya Qurani. Hakuokolewa na zulia. Aliokolewa na subira yake, na jina lake limebaki mpaka leo.

Katika filamu yuko Sultani wa Basra, mzee apendaye vitu vya kuchezea vinavyojiendesha, naye akaangamia kwa ajili yavyo. Mtoto atadhani ni ndoto ya Wazungu. Lakini huko Baghdad, katika karne ya tatu ya Hijra, ndugu watatu, wana wa Musa bin Shakir, waliandika kitabu cha vyombo vya hila, vinavyokwenda kwa maji na hewa na vizibo. Mji ule ule ndio wa al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake kimeipa ulimwengu hesabu ya aljebra. Hapo ndipo karatasi ilipotengenezwa tangu mwisho wa karne ya pili, na vitabu vikaenea. Mwambie mwanao kwamba ajabu ya Baghdad ilikuwa vitabu, na zulia ni hadithi.

Wala hatusemi kwamba mji ule ulikuwa pepo. Mwislamu husema kweli hata juu ya jamaa zake. Karibu na Basra watu weusi walioitwa Zanji walifanyishwa kazi ngumu ya kuondoa udongo wa chumvi mashambani, mpaka wakaasi mwaka 255 (869), na vita vyao havikuzimwa ila mwaka 270 (883). Jina hilo la Zanji ndilo jina ambalo Waarabu waliwaitia watu wa pwani yetu. Basi mtoto wetu akimwona jini wa filamu, atambue kwamba mchezaji wake ni Rex Ingram, Mmarekani mweusi, na kwamba katika filamu nzima ndiye mtu mweusi mwenye sehemu kubwa, naye amefanywa kiumbe wa kutumwa. Hiyo ni dalili ya macho ya waliotengeneza, wala si mizani ya kupimia watu.

Na liko jina la Jaffar. Katika historia yuko Jaafar bin Yahya al-Barmaki, waziri wa Harun ar-Rashid, aliyeuawa kwa amri ya bwana wake mwaka 187 (803). Katika Alfu Lela Ulela yeye ni mwenzi wa Harun katika matembezi ya usiku. Filamu ikamgeuza kuwa mchawi. Na mwaka 1992 Wamarekani wa Disney walipotoa filamu yao ya Aladdin, wakawapa tena waziri mwovu jina la Jafar na kima jina la Abu. Leo mtoto mwenye jina hilo huweza kuchekwa na wenziwe kuwa ni mchawi. Basi na ajue kwamba Jaafar wa kwanza kukumbukwa na Mwislamu ni Jaafar bin Abi Talib (r.a.), aliyesema kwa niaba ya Waislamu mbele ya Najashi katika nchi ya Habasha, huku kwetu Afrika, akafa shahidi katika vita vya Muta mwaka wa 8 (629).

MWIZI ALIYE SHUJAA

Je, twaweza kumpa mtoto shujaa aliye mwizi? Abu huiba samaki sokoni, huiba funguo za gereza, na mwisho huiba zulia la mzee mfalme aliyemkaribisha kwa wema. Mzee yule alimwambia kwamba zulia hilo hawezi kumpa, nalo likaenda. Na kwa wizi ule ule Ahmad akaokoka.

Hapa pana somo la fikihi. Dharura ina hukumu yake katika dini yetu, na khabari mashuhuri yasimulia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) hakuwakata mikono wezi katika mwaka wa njaa. Lakini dharura ina mpaka, na mali iliyochukuliwa ina mwenyewe. Abu hakurudisha zulia. Ahmad alipotangaza mbele ya watu kwamba atamtia chuoni asome, apate kuwa waziri, Abu alipanda zulia akaruka kwenda kutafuta mambo mapya. Watazamaji hufurahi. Lakini baba ambaye mwanawe ametoroka madrasa ili akae kibandani, na ajiulize kama naye atafurahi.

Yataka pia mtoto aambiwe khabari za mchezaji mwenyewe. Abu alichezwa na Sabu, mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Mysore mwaka 1924, baba yake akiwa mwendesha ndovu. Aliletwa Uingereza kwa filamu ya Elephant Boy ya mwaka 1937. Baadaye akawa raia wa Marekani, akatumika katika ndege za vita. Hakupanda zulia: alipanda kwa kazi. Na zulia lenyewe lilipigwa picha mbele ya kitambaa cha buluu, kisha buluu ikaondolewa na mawingu yakatiwa mahali pake. Mtoto akijua hayo, mshangao wake wa uchawi utageuka mshangao wa ufundi.

Na ikiwa mtoto atauliza mwizi wa Baghdad wa kweli ni nani, jawabu haliko mbali. Mwaka 656 (1258) majeshi ya Hulagu yaliutwaa mji yakauharibu. Na Aprili 2003, majeshi ya Marekani yalipoingia, Makumbusho ya Taifa ya Iraq yaliporwa, vikapotea vitu vya kale kiasi cha 15,000, na vitabu vya Maktaba ya Taifa vikaungua. Baadhi ya vitu vilirudi, vingi havikurudi.

NANI ASIMULIAYE?

Ndugu zetu, filamu haikupata kuwa mchezo mtupu hata machoni mwa wenyewe. Baina ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo Vugiri, katika milima ya Usambara, wakatengeneza filamu za kuwafunza Waafrika, nayo maelezo yakasemwa kwa lugha za wenyeji. Walijua kwamba picha hufunza, na kwamba asemaye juu ya picha ndiye aipaye maana. Watanzania wamelijua jambo hilo pia: mfasiri wa filamu, kama yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu, huichukua filamu ya kigeni akaisimulia kwa Kiswahili, akaongeza mzaha wake na mafunzo yake, na watu wakamfuata yeye kuliko picha.

Basi hapo ndipo jawabu letu lilipo. Filamu hii yafaa kutazamwa, kwa sharti ya kwamba msimulizi awe ni wewe baba. Usimwache mwanao nayo peke yake, wala usimkimbize nayo, kwani ukimkimbiza ataitazama kwa jirani, na huko hakuna wa kumwambia neno. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo unaenea katika kiganja cha mkono.

Tena itazame wewe kwanza. Kisha chagua siku isiyo na darsa, baada ya sala, ukae nao. Penye mapenzi pitisha mbele, simu zote zina uwezo huo. Penye jini simamisha, uwasimulie Nabii Suleiman. Penye jina la Jaafar simamisha, uwasimulie Habasha. Penye Baghdad simamisha, uwataje maimamu. Penye zulia waulize: lilikuwa la nani? Waache wajibu wenyewe. Na ikiwa safari itakuweka mbali miezi, wakabidhi kwa mjomba au mwalimu wa chuo, umweleze haya. Na ikiwa hakuna hata mmoja, basi hapo kuiacha ni bora kwako, kwani faida yake haikulazimu na khatari yake haina mlinzi.

Huenda mtu akasema: haya yote kwa ajili ya hadithi ya watoto? Twamjibu: hadithi za watoto ndizo zikaazo moyoni mpaka uzeeni. Bibi zetu hawakusimulia Alfu Lela Ulela wakaondoka. Walikaa, wakaulizwa, wakajibu, na hadithi ikatoka kinywani mwao imechanganyika na adabu zao. Sinema imechukua hadithi ikaacha bibi. Kazi yetu ni kumrudisha msimulizi mahali pake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na vizazi vyetu, walioko pwani na walioko njiani, na atupe macho yaonayo na nyoyo zipimazo. Amin. Wallahu aalam.